Tofauti ya Viumbe: Ni ya Asili au ni ya Mahali?

Mtu yeyote aliyekulia Pwani amewahi kumtazama chaza. Aliyejishikiza peke yake juu ya mwamba mpana hukua mviringo na kujitandaza. Aliyebanwa na wenziwe juu ya mzizi wa mkoko hurefuka na kupindika, hata mgeni asiyewajua huweza kuapa kwamba hao ni aina mbili mbalimbali. Mvuvi hakubali. Yeye anajua kwamba mbegu ni moja, na kilichowatofautisha ni nafasi. Lakini mvuvi huyo huyo, ukimpa embe ngowe na embe boribo, hatakwambia kwamba tofauti yake ni ya nafasi. Miti hiyo miwili yaweza kusimama katika ua mmoja, ikanywa maji ya kisima kimoja miaka arubaini, na ngowe ikabaki ngowe.

Tofauti zote mbili huonekana kwa jicho moja, nalo jicho halisemi ipi ni ipi. Hilo ndilo suala tunalotaka kulijadili leo: tuonapo viumbe wa jamii moja wametofautiana kwa umbo, twajuaje kwamba tofauti ile imo katika asili yao, nao watairithisha kwa wana wao, au imeletwa na mahali walipokulia, nayo itaondoka pindi mahali patakapobadilika? Wala msomaji asidhani ni suala la chaza na maembe tu. Watu wamenyimwa kazi, na heshima, na hata wake, kwa sababu ya jibu la haraka lililotolewa juu yake.

Wazee wetu waliokuwa wakinakili vitabu kwa mkono walilijua jambo hili kwa njia yao. Zichukue nakala mbili za kitabu kimoja ambazo hazikubaliani. Ikiwa mwandishi wa mojawapo aliruka neno, au alitia neno lake mwenyewe, basi kosa lile litaingia katika kila nakala itakayotokana na yake, na nakala za nakala hizo, mpaka mwisho. Lakini ikiwa ukurasa umelowa mvua au umeliwa na mchwa, dhara limeingia katika karatasi, si katika maneno. Nakala nyingine zitokazo kwa mama yule yule zitatoka salama. Mageuzi ya viumbe, kwa maana waitumiayo wataalamu, ni yale ya mwandishi: badiliko lirithiwalo. Badiliko la mazingira ni lile la mvua na mchwa.

Kwa viumbe walio hai kuna njia ya kukata shauri. Wachukue wana wa huyu na wana wa yule, uwalee mahali pamoja kwa chakula kimoja, kisha utazame. Tofauti ikifutika, ilikuwa ya mahali. Ikibaki, ilikuwa ya asili. Lakini ufanyeje kwa viumbe waliokufa miaka milioni mbili iliyopita, wakageuka jiwe? Hakuna wa kumlea. Hapo ndipo suala linapokuwa gumu, na ndipo, kwa rai yetu, linapofundisha zaidi. Twamwomba msomaji astahimili, maana tutampeleka mbali kidogo, mpaka jangwa la kaskazini ya Kenya, kabla ya kumrudisha mjini.

Ziwa Turkana, ambalo mpaka mwaka 1975 liliitwa Rudolf, ni ziwa la maji ya magadi. Mto mkubwa uliletao maji ni Omo, utokao Uhabeshi, na leo ziwa lenyewe halina mto uyatoao maji yake nje. Haikuwa hivyo sikuzote. Katika mamilioni ya miaka iliyopita ziwa lilijaa na kupungua mara nyingi. Zamani nyingine lilikuwa pana na refu la kina, na zamani nyingine palikuwa hapana ziwa kabisa ila tambarare ya mto. Kila lilipojaa liliacha tope na mchanga, na ndani yake makombe ya konokono na kome. Volkano zikatandaza jivu juu ya tope hilo, na jivu hilo ndilo tarehe ya kitabu, kwani lina madini ambayo umri wake hupimika.

Upande wa mashariki wa ziwa, mahali paitwapo Koobi Fora, ndipo Richard Leakey na wenziwe walipoanza kutafuta visukuku mwaka 1968. Dunia nzima ilisikia habari za mafuvu yaliyotoka huko. Makombe hayakusikika sana, ingawa ndiyo mengi. Mafuvu ya namna hiyo ni machache mno, lakini makombe ni kwa maelfu, tabaka juu ya tabaka. Na katika jambo letu wingi ni kitu kikubwa, maana fuvu moja haliwezi kukwambia kama umbo lake lilikuwa la jamii nzima au la mtu mmoja.

Mtaalamu mmoja, Peter Williamson, aliyachukua makombe hayo akayapima, akafuata koo 13 za konokono na kome kutoka tabaka la chini mpaka la juu. Mwaka 1981 alitoa matokeo yake katika jarida la Nature. Alisema kwamba kwa muda mrefu sana, mamilioni ya miaka, makombe hayakubadilika hata kidogo. Kisha katika matabaka machache, ambapo maji ya ziwa yalikuwa yamepungua, koo nyingi ziligeuka umbo kwa pamoja, tena kwa haraka: kwa hesabu yake ilikuwa kati ya miaka 5,000 na 50,000, ambayo kwa watu wa elimu ya miamba ni kama kufumba na kufumbua. Wakati wa kugeuka, makombe ya ukoo mmoja yalikuwa na maumbo ya kila namna, kana kwamba kanuni ya kuumbika kwake ilikuwa imelegea; baadaye yakatulia katika umbo jipya. Kisha maji yaliporudi, maumbo mapya yakatoweka, na yale ya kale yakaonekana tena.

Williamson aliona kwamba ameshuhudia kuzaliwa kwa spishi, yaani aina mpya za viumbe. Nayo haikuwa kauli ndogo. Mwaka 1972 Niles Eldredge na Stephen Jay Gould, wataalamu wa Marekani, walikuwa wamedai kwamba viumbe hawageuki kidogo kidogo siku zote kama ilivyozoeleka kusemwa tangu Darwin, bali hukaa vile vile muda mrefu, kisha hugeuka kwa ghafula. Watu walikuwa wakiulizana, uko wapi ushahidi? Sasa ukatoka Kenya, katika mchanga wa Koobi Fora.

Lakini hawakupita miaka miwili wakainuka watu wa kumpinga, na wapinzani wake hawakuwa wajinga wa maziwa ya Afrika. Geoffrey Fryer, Humphry Greenwood na John Peake waliandika pamoja mwaka 1983. Fryer na Greenwood walikuwa wamefanya kazi miaka mingi katika maziwa yetu, na wote wawili walipata kuwa Jinja, penye kituo cha utafiti wa samaki cha Afrika Mashariki. Waliuliza swali ambalo mvuvi wa chaza angeliuliza: Je, si maji tu?

Hoja zilizotolewa dhidi ya Williamson zilikuwa kadhaa, nasi twataja zile zilizotukaa moyoni. Kwanza, koo nyingi ziligeuka wakati mmoja. Mwandishi mmoja akikosea, nakala yake hukosea. Lakini ukiingia chumbani ukakuta vitabu vyote vya kabati, vya waandishi mbalimbali, vimeharibika mwezi mmoja, hutawatuhumu waandishi. Utatazama paa. Pili, maji yaliporejea hali yake, maumbo ya kale yalirejea. Na hivyo ndivyo lilivyo badiliko la mahali, huondoka na mahali pake. Tatu, na hili ndilo lililotushangaza zaidi, miongoni mwa koo zilizogeuka alikuwamo konokono aitwaye Melanoides tuberculata, ambaye bado yu hai katika maji mengi ya Afrika. Konokono huyu aghlabu huzaa bila dume. Jike hutoa watoto wanaofanana naye mwenyewe. Ile njia ya kuchanganya mbegu za wazazi wawili, ambayo kwayo aina mpya ya viumbe husemwa kujitenga na aina ya zamani, kwake haipo. Naye vilevile akageuka pamoja na wenziwe. Basi kama wenye dume na wasio na dume wamegeuka siku moja kwa namna moja, si karibu zaidi na akili kwamba wote walikunywa maji mamoja?

Greenwood alikuwa na sababu yake ya kuwa mwangalifu. Katika Ziwa Viktoria yumo samaki aitwaye Astatoreochromis alluaudi ambaye hula konokono, na ndani ya koo lake mna mifupa minene yenye meno mapana ya kusagia makombe. Samaki wa jina hilo hilo katika maziwa mengine ya Uganda wana mifupa myembamba zaidi, na tofauti hiyo ilitosha kuwafanya wataalamu wawatenge kwa majina. Kisha watoto wa yule wa mifupa minene wakalelewa katika matangi ya kioo kwa chakula laini, pasi na konokono. Wakakua na mifupa myembamba. Greenwood aliandika habari hii mwaka 1965. Tofauti ambayo watu wengi wangeiita ya asili, na ambayo kwa kisukuku kimoja mkononi mtu yeyote angeiita aina mpya, ilikuwa ni tofauti ya chakula. Jambo hili lina uchungu wake pia, kwani samaki huyo alitumainiwa kuwamaliza konokono waletao kichocho; lakini akilelewa kwa chakula laini hukosa meno ya kuifanya kazi hiyo.

Je, basi, mashtaka yamekwisha na Williamson ameshindwa? Hapana, na twamwomba msomaji asiharakishe, maana haraka ndiyo tuliyokuja kuilalamikia. Williamson alijibu. Alisema kwamba maumbo mapya hayakudumu msimu mmoja wala karne moja, bali maelfu ya vizazi vya konokono. Na dhara la mahali likidumu muda huo wote, ni vigumu kusadiki kwamba mbegu haikuguswa. Alisema pia kwamba konokono wa jamii zile zile walio hai leo, ambao hukaa katika mito, mabwawa na maziwa ya kila namna, hawaonyeshi maumbo yaliyofika mbali kiasi kile. Kama ni maji tu, mbona maji ya leo, yenye tofauti nyingi, hayafanyi vile? Hoja hizi zina uzito. Na wale waliosema "ni maji" nao hawakumlea hata konokono mmoja katika maji ya zama zile. Walikuwa na dalili, hawakuwa na shahidi.

Kwa muda wa miaka zaidi ya ishirini mambo yalikaa hivyo: huku asili, huku mahali. Kisha likaja jibu ambalo pande zote mbili hazikulipa nafasi ya kutosha. Mwaka 2008 Bert Van Bocxlaer na Dirk Van Damme, wa Ubelgiji, pamoja na Craig Feibel wa Marekani, waliyachunguza upya makombe ya Turkana katika jarida la Evolution, na katika kichwa cha makala yao wakauliza kama yale ni matukio ya mageuzi au ni uvamizi. Walionelea kwamba sehemu kubwa ya kile kilichoonekana kuwa kugeuka kwa ghafula ni wageni. Konokono wa ziwa hawakugeuka kuwa wengine. Wa kwanza walipungua au wakaondoka, wengine wakaingia kutoka maji ya jirani, wakakaa mahali pao, na atazamaye matabaka kutoka chini kwenda juu akadhani anamwona mtu mmoja akibadilika uso, kumbe ni watu wawili waliopeana kiti.

Sisi tunaoandika waraka huu twaishi Nairobi, katika mitaa ya mashariki ambayo watu wote huiita Eastlands, na Jumba la Makumbusho la Taifa si mbali nasi. Tulipoifikia habari hii ya wageni katika darsa yetu, palikuwa kimya kidogo. Miongo miwili ya ubishi kati ya "asili" na "mahali", na kumbe swali la kwanza halikuwa limekamilishwa: je, hawa wa juu ni wana wa wale wa chini?

Tutaje pia, kwa njia ya kupita, kwamba kuna sababu ya nne, nayo ni kaburi. Mwaka 1999, upande wa magharibi wa ziwa lile lile, pahali paitwapo Lomekwi, lilipatikana fuvu la umri wa miaka kama milioni tatu na nusu, lenye uso bapa. Meave Leakey na wenziwe walilitangaza mwaka 2001 kuwa jamii mpya, wakaiita Kenyanthropus platyops. Mwaka 2003 Tim White wa Marekani akauliza kama ubapa ule ni wa kiumbe au ni wa udongo. Maana fuvu lile limepasuka vipande vingi sana, na udongo umeingia katika nyufa na kulitanua. Kitabu hakikukosewa na mwandishi wala hakikuliwa na mchwa. Huenda kilikaliwa na sanduku. Ubishi huo haujakwisha.

Huenda msomaji akauliza, ya nini habari hizi katika waraka wa darsa? Juu ya asili ya mwanadamu mwenyewe wanavyuoni wamesema waliyosema, nasi hatukukusudia kuyaingilia hapa. Suala la makombe halihitaji hayo. Tumelileta kwa ajili ya namna ya kuhukumu. Na namna hiyo si ngeni katika vitabu vyetu. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 868, katika kitabu chake cha wanyama aliandika juu ya athari ya ardhi na hewa kwa rangi za viumbe, hata chawa wa kichwani. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliwakabili wale waliodai kwamba weusi wa watu ni laana ya nasaba, ati kwa kuwa ni wana wa Hamu. Alisema kauli hiyo ni ya watu wasiojua tabia za viumbe. Weusi ni wa joto la nchi, na watu wakihamia nchi ya baridi, rangi ya vizazi vyao hubadilika kidogo kidogo. Laiti watu wa miji yetu wangalilisoma hilo mapema, maneno mengi machafu yasingalitamkwa mabarazani.

Lakini hatutaki kumsifu kwa upande mmoja tu. Ibn Khaldun huyo huyo, baada ya kuibomoa laana ya nasaba, akaliweka joto mahali pake, akasema kwamba joto hilo hilo ndilo linalowafanya watu weusi wawe wepesi wa furaha na wachache wa kufikiri mambo ya mbele. Kwa hili hakuleta ushahidi wowote zaidi ya wale aliowapinga. Hakuwalea watoto wa nchi mbili katika nyumba moja. Alitoka kusema "ni asili" akaenda kusema "ni mahali", na aliyehukumiwa akabaki amehukumiwa. Twayasema haya kwa heshima yote kwa bwana mkubwa huyo wa elimu, kwa sababu wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba kusema "ni mazingira" daima ni huruma. Si lazima.

Na sasa turudi mjini. Katika miaka ya 1930, hapa Nairobi, F. W. Vint, tabibu wa maabara ya serikali ya kikoloni, alizipima bongo za Waafrika waliokufa hospitalini, akazilinganisha na hesabu za bongo za Wazungu zilizopimwa Ulaya. Alitangaza mwaka 1934 kwamba za Waafrika zilikuwa pungufu. Dakta H. L. Gordon, wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alikuwa amekwisha kulishika jambo hilo kwa mikono miwili, na mwaka 1933 likaundwa hapa Kenya shirika la walowezi na matabibu la kuchungua ubora wa mbegu za watu. Walitaka serikali ya Uingereza itoe fedha za uchunguzi mkubwa, hazikutolewa. Lakini katika nchi ambayo skuli za Waafrika zilikuwa zikihesabiwa kwa tabu, kauli kama ile haikukaa kitabuni tu. Asemaye kwamba upungufu ni wa mbegu, amesema pia kwamba skuli ni hasara.

Mtazame Vint kwa kipimo cha makombe. Maiti wale walikuwa nani? Walikuwa maskini wa mji wa Nairobi, wengi wao vibarua, waliokufa kwa maradhi, baada ya maisha ya chakula kibaya na chumba kibaya. Walilinganishwa na watu wa nchi nyingine waliolishwa vingine. Hakuna tangi moja la kioo. Maji hayakuwa mamoja, kisha tofauti ikaitwa ya asili. Samaki wa Greenwood angetosha kuwanyamazisha, lau wangalikuwa na nia ya kunyamaza. Na bado, ndugu zetu, hatuwezi kusema kwamba kosa lao lilikuwa la Kizungu. Lilikuwa kosa la mtu anayelitaka jibu kabla ya kuuliza. Nasi twalo.

Mitaa hii tunayokaa ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipoipima Pumwani kuwa mahali pa Waafrika, na Waislamu walikuwa wengi miongoni mwa waliojenga Majengo. Baadaye zikafuata Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Bahati, Jericho na nyinginezo. Vyumba vingi vya zamani zile vilipimwa kwa mwanamume mmoja aliyeletwa mjini kufanya kazi, si kwa mtu na mkewe na wanawe. Lakini wake walikuja na wana wakazaliwa. Nao wana hao, na wana wa wana hao, wanapokwenda Mombasa au Lamu kuwazuru jamaa, husikia neno moja. Lugha yao si safi, mwendo wao ni wa haraka, hawana haya, wamegeuka.

Kijana mmoja wa huku, aliyezaliwa Majengo, aliposa katika nyumba moja ya Pwani. Babu yake na babu wa yule msichana walitoka mtaa mmoja wakasoma chuo kimoja. Akakataliwa, wala haikusemwa kwamba hana dini au hana kazi. Ilisemwa tu kwamba watu wa kule asili yao imekwisha geuka. Habari ilipotufikia, baadhi yetu walighadhibika, na mmoja akajibu kwamba asili haina neno lolote, mtie mtoto yeyote Majengo atakuwa wa Majengo, basi hapana wa kulaumiwa. Tukamwuliza: hata yule aliyempiga mama yake kwa ajili ya fedha? Maana ndugu zake wawili walikulia chumba kile kile, wakala sahani ile ile, na hawakumpiga. Viumbe wawili wakisimama katika maji mamoja, tabaka moja, na bado wakatofautiana, maji peke yake hayatoshi kuwa sababu. Hili ni jambo ambalo wachunguzi wa makombe hulitafuta kwa bidii: maumbo mawili yakikutwa pamoja katika tabaka moja, pasi na la kati yao, basi dai la mazingira hudhoofika.

Ama yule baba aliyekataa, swali letu kwake ni lile la mwaka 2008. Watu wa Majengo unaowasema ni watu gani? Wale wazee uliowajua walipokuja Pwani kwa maulidi, je, unajua wana wao wako wapi? Wengi wamehama. Nyumba za udongo walizozijenga nyingi hazipo. Mahali pake pamesimama maghorofa, na wapangaji wake wamekuja kutoka pande zote za nchi na nje ya nchi, kila mmoja na lugha yake na mwendo wake. Mtu ashukaye kwenye basi leo akasema "hawa wamegeuka", huenda hajamwona hata mmoja wa wale anaodai kwamba wamegeuka. Amewaona wageni, akawatia katika nasaba isiyo yao, kisha akamhukumu kwa sura yao kijana ambaye ukoo wake haujatoka katika chumba kile tangu babu.

Jaribio la tangi moja nalo hufanywa mitaani kwetu, ingawa hakuna aliandikaye. Wazazi wengi wa Eastlands huwapeleka watoto Malindi au Lamu kwa bibi zao, wakakae huko mpaka wamalize chuo. Watu husema, tazama, amerudi mtulivu, basi ilikuwa ni mahali. Lakini anayepelekwa ni nani? Mara nyingine ni mtundu aliyewashinda wazazi. Mara nyingine ni yule mpole ambaye bibi mwenyewe alimtaka. Waliochaguliwa si sawa na walioachwa, na jaribio limeharibika kabla ya kuanza. Ingelifaa wawe wawili wa nyumba moja, mmoja aende na mmoja abaki, na atakayekwenda achaguliwe kwa kura. Tulipolitaja hilo darsani, mama mmoja alicheka, akasema hatatia watoto wake katika kura ili wanaume wapate kubishana vizuri zaidi.

Suala la kufuu katika ndoa, na kauli za wanavyuoni wa madhehebu yetu juu ya nasaba, dini na kazi, tumelitenga kwa waraka ujao, inshallah.